Kidevu cha Mke Wangu Kinarudi Nyuma

Shangazi Mal-ja, nakusikiliza redioni kila asubuhi hapa Daegu, nisaidie maana situlii, nikikaa nataka kusimama, nikilala nataka kuamka. Mke wangu, Ra-hye, alizaliwa na kidevu kidogo kilichojificha, nami nikampenda nacho, lakini kazini walimtania mpaka mwaka juzi akafanyiwa upasuaji, taya la chini likakatwa na kusogezwa mbele, kila mtu akamsifu, nami nikasifu, ila moyoni niliona nimeletewa mgeni. Sasa kidevu kinarudi, polepole, na akipiga miayo kiungo cha taya kinaalika ko! mbele ya sikio, na juzi tukila tambi baridi alishindwa kuzikata, meno ya mbele hayakutani tena, mama yangu akamwambia, "Mkamwana, unakula kama mtoto anayeota meno!" Ra-hye akajichekesha, kisha tulipobaki wawili akaniuliza, "Baba Ji-u, niambie kweli, uso wangu umebadilika?" nikamjibu, "Wapi! Uchovu tu huo." Nilidanganya, Shangazi, wala si kwa huruma, ni kwa sababu nafurahi kumwona yule wangu wa zamani akirudi. Je, mimi ni mtu mbaya?

Gyu-hwan

Gyu-hwan, ubaya sijui, ujinga unao. Harudi mtu hapo! Unachokiona ni vichwa vya mfupa wa taya, pale kwenye kiungo, vinalika, na vikilika taya hukosa pa kuegemea, likarudi nyuma, meno yakaachana. Huwapata baadhi ya watu baada ya upasuaji kama huo, si kosa lake. Nawe unafurahi!

Pole, lakini. Kuishi na uso usiouzoea ni kazi, na hukuwa na wa kumwambia. Ulipaswa kumwambia yeye.

Leo, kabla hamjala, mweleze ulichoona na kwa nini ulimdanganya. Atalia, pengine atakurushia kijiko, vumilia. Kisha mpeleke kwa daktari aliyempasua, apigwe picha mpya, ilinganishwe na ya awali. Asikubali kisu tena kabla hawajahakikisha mfupa umetulia. Ngisi mkavu, mgumu kutafuna, akae mbali naye, na mama yako mwambie utani basi.

Na uso atakaobaki nao, wowote ule, ndio wa mkeo. Ukiupenda, vizuri. Usipoupenda, jifunze.