Mikono ya Mama Mkwe

Jumanne, Matisi

Bega bado. Leo hata shati nimevalishwa na mke wangu, Nekesa, kama mtoto wa nasari.

Daktari alisema nichague: sindano za Kichina hapa Kitale, au nitafute mtu wa kunikanda. Sindano naziogopa, wacha niseme ukweli. Basi nikaulizia wakandaji. Kila mtu ananijibu kitu kimoja: nenda Myanga, kuna mama huko mikono yake ni dawa.

Huyo mama ndiye aliyemzaa Nekesa!

Kwetu mama mkwe hata mkono humpi. Nikimwona njiani, mimi ndiye napisha. Sasa nivue shati nilale mbele yake? Heri bega lioze.

Jioni jirani yangu Wafula amerudi kutoka kwa huyo mama, shingo anaizungusha kama feni. "Bana, si uende tu! Ati mkwe. Maumivu yanajua mkwe?"

Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Amepona, halafu ananicheka.

Kesho ni sindano. Ng'ombe niliowapeleka Myanga walinipa mke, na hao hao ndio wananinyima mikono ya mamake.