Kinyakyusa cha Simu ya Joel

Safina, simu mimi naijua kuliko vijana wote wa Ibighi! Haya, hiyo picha ya sikio langu niliyokutumia kwa bahati mbaya ifute.

Mwenzangu, tumekwisha. Mjukuu wangu Joel kajifungia chumbani. Aliacha chuo atengeneze programu ya kujibu wakulima kwa Kinyakyusa. Leo mwekezaji kaja kuijaribu, na programu yenyewe haijui hata kusalimia! Aliyekuwa anajibu ni mimi, nimejificha stoo na simu nyingine.

Mgeni alifurahi! Akazima simu, akashukuru: "Ndaga."

Safina, unashukuriwaje ukanyamaza? Nikaitika, "Ndaga fijo, tata!" Yaani, asante sana, baba!

Na simu imezimwa!

Joel akababaika: "Hiyo... hiyo ni spika ya ukutani."

Mgeni akafungua mlango wa stoo. Spika ya ukutani nimekalia mkungu wa ndizi.