Rehani Mbili na Cherehani Moja

Ipuli, Tabora

Dada Zena,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake mpelekee mpaka alipokaa, usimpigie kelele kutoka uani kama kawaida yako. Goti lake linasemaje na baridi hii? Na shemeji, bado anakoroma mpaka kuku wanahama? Mimi mzima, nimenenepa kidogo, na watu wa huku wanasema hawajaona kijana wa Kizaramo anayejua kushona kola kama mimi. Sisemi mimi, wanasema wao.

Barua hii msomee mama, ila pale nitakapoandika ruka, uruke. Wewe ndiye msomi wetu. Mimi niliishia darasa la nne kwa sababu mwalimu alinionea wivu.

Habari kubwa ni cherehani. Unajua nashona barazani kwa mtu, kwa cherehani yake, na nusu ya kila shati inaingia mfukoni mwake. Kwa nusu iliyobaki ndiyo nalipia nyumba aliyoiweka rehani marehemu baba wakati wa ugonjwa wake, na minazi aliyoiweka rehani ili wewe uolewe kwa ngoma ya siku tatu. Nakukumbusha tu, sikulaumu. Sasa uliponiandikia kwamba Bwana Kondo anasema mwezi wa Ramadhani ujao ukimkuta hajalipwa yote nyumba ni yake, nikaona kwa nusu shati hatufiki. Lazima nipate cherehani yangu.

Hapa mjini kuna Mwarabu mmoja, Mzee Seif, babu yake alizaliwa hapahapa. Anatoa cherehani mali kauli: unachukua kwa neno lako na mdhamini mmoja, unalipa kidogo kidogo kila mwezi. Nikavaa suruali ile ya pasi, nikaenda. Mzee Seif nikamkosa, alikuwa Igalula kununua asali. Dukani nikamkuta karani wake, Ndugu Elia, amehamia juzi kutoka upande wa Moshi, tai mpaka kitovuni.

Akaniuliza, "Una deni popote?"

Nikaona hapa ndipo pa kujisifu. Nikamwambia, "Nina rehani mbili. Nyumba na shamba la minazi." Nilidhani atasimama anipe kiti, maana nani anayekubaliwa rehani kama hana mali?

Akavua miwani. "Ndugu, nchi inajitegemea, wewe unategemea madeni. Mali yako yote imeshikwa. Ukishindwa, mimi nitashika nini? Masikio yako?"

Nikamjibu masikio yangu ni makubwa, yanatosha cherehani mbili. Hakucheka.

"Mdhamini unaye?"

Ninaye, nikamwambia, tena yuko hapo nje anajaza upepo. Huyo ni Maganga, fundi baiskeli, jirani yangu, Mnyamwezi kamili. Tangu nishuke kwenye treni ndiye aliyenipa mkeka na uji. (Ruka.) Na nilipolala na homa mwezi ule sikutuma pesa, ndiye aliyeninywesha dawa na kunifulia shuka. (Endelea.) Nikamwita aje anisemee.

Dada, hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao hata wewe usingeufanya. Nilisahau kwamba Mnyamwezi ni mtani wetu.

Karani anamuuliza, "Unamfahamu huyu?"

Maganga akanitazama kama anatazama panya kwenye unga. "Huyu Mzaramo? Usimpe hata sindano. Babu zetu walipofikisha pembe za ndovu kwao pwani, babu zake waliwauzia maji ya kisima kwa bei ya asali. Ukimpa cherehani, kesho utaisikia inalia Kisarawe."

Na mimi mdomo wangu unaujua. Nikamjibu, "Nyamaza wewe mbeba mizigo, babu yako alitembea miezi mitatu na pembe kichwani, alipofika akauliza bahari inapikwaje."

Tukashikana mabega tukicheka mpaka machozi. Tulipogeuka, karani anafunga mlango wa kabati.

"Ahsante kwa kusema ukweli," akamwambia Maganga. "Umeliokoa duka."

 Maganga akaninong'oneza, "Mbona ameamini?" Akajaribu kurekebisha, "Bwana, huyu ni mtu mzuri sana," lakini kila alipokuwa akinisifu kicheko kinamshika, na karani anazidi kututilia shaka.

Siku ile sikula. Niliwaza: mwenye rehani ni mtu aliyeaminiwa, au ni mtu aliyekwisha? Nikamuuliza mwenye baraza, akasema nimeaminiwa. Nikamuuliza mama muuza vitumbua, akasema nimekwisha. Nikawauliza tena kesho yake, wakawa wamebadilishana majibu.

Mzee Seif aliporudi akatuita wote. Karani akamsimulia. Mzee akauliza, "Alimtukana sana?"

"Sana, mzee. Mpaka babu zake."

"Basi wanajuana. Angemsifu ningeogopa." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, mwezi ukiwa mbaya, ukapata pesa ya kumlipa mmoja tu, utamlipa nani? Mimi au aliyeshika nyumba?"

 Nilijua jibu analolitaka mwenye duka. Lakini nilimwona mama na goti lake amekaa nje na vyombo vyake. Nikasema, "Aliyeshika nyumba, mzee. Mama analala humo."

Karani akatabasamu kama aliyeshinda bao. Mzee Seif akamwambia, "Mpe."

Mpaka leo sijaelewa. Nimemwambia nitamlipa mtu mwingine kwanza, naye ananipa. Karani naye hajaelewa, kwa hiyo siku hizi tunasalimiana vizuri.

Ila mzee alimgeukia Maganga. "Mwezi huo mbaya ukija, mimi nitakuja kwako. Una baiskeli mbili za kukodisha. Unakubali?"

Nikasubiri tusi. Nilikuwa na jibu lake tayari mdomoni. Maganga akafuta mikono yake yenye grisi kwenye kaptula, akasema, "Akishindwa nitalipa mimi." Basi.  Tangu nimjue sijawahi kumsikia akinitaja bila kunitukana. (Ruka.) Na dada, niliogopa pale kuliko siku niliyougua. (Endelea.)

Cherehani iko mbele yangu ninavyoandika, naikanyaga mpaka taa inaishiwa mafuta. Bwana Kondo mwambie pesa yake inakuja kama kawaida, na mwezi ujao itakuwa nono. Na kama kuna nazi kavu zilizobaki upande wetu, mtumie Maganga kumi kwa treni. Mwandikie juu ya gunia tusi lolote zito, ajue tunamheshimu.

Nisalimie mjomba anayechonga mipini, bibi wa nyumba ya pili anayeniombea dua na kunidai samaki, na huyo mumeo. Mama mwambie alale, asisikilize maneno ya sokoni.

Ndimi mdogo wako, fundi kwa cherehani yake mwenyewe, ingawa bado si yake,

Ramadhani