Tano Zinatosha, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza hivyo kwa sababu Mama alinilea kwa adabu, si kwa sababu moyo umependa. Na barua hii naiandika wazi, wenzako wa ligi waisome, na madereva wote wa Karatu waisome, maana nikikutumia peke yako nitaona zile alama mbili za buluu na hadithi itaishia hapo.

Unaikumbuka ringi yetu ya mpira wa kikapu kule Mbulumbulu? Baba aliikata kwenye pipa bovu, akaigongelea kwenye mkaratusi nyuma ya zizi, huku akitucheka. "Yaani wanangu wanataka kutupa mpira kwenye chujio!" Ulikuwa mpira wa miguu uliochoka, na uwanja wenyewe mteremko. Ukikosa, mpira unabingirika hadi kwenye maharage ya jirani yetu Mzee Tluway, na sheria yako ilikuwa kwamba anayekosa ndiye anayeufuata. Mimi niliufuata sana. Ukinionea huruma ulikuwa unateremka na mimi, tunatafuta mpira pamoja tukikanyaga maharage ya watu, Mzee Tluway anatufokea kwa Kiiraqw na wewe unamjibu "ndiyo Baba, ndiyo Baba" kwa unyenyekevu wa uongo. Nilikupenda sana siku zile. Nakwambia ili ujue hasira hii haikutoka hewani.

Ukakua, ukapata kazi ya kuendesha watalii. Mgeni mmoja akakufundisha mchezo wa timu za kwenye simu, ukauleta Karatu kama mtu aliyeleta mbegu mpya. Unachagua wachezaji wa ligi ya kikapu ya Marekani, wakicheza kweli kule, takwimu zao zinakuhesabia wewe huku. Kategori tisa: pointi, ribaundi za mpira unaorudi, asisti za pasi, frii-throo za kutupa bila kuzuiwa, bloku za kumzuia anayetupa, na nyingine. Kila wiki unapangiwa mpinzani mmoja, na mwenye kategori nyingi ndiye mshindi. Kwenye ligi mkawa madereva na wapishi wa kambi, na mimi mfunga lanchi boksi za watalii, mwanamke peke yangu. Mechi za kule zinaisha alfajiri ya huku, saa ninayochemsha mayai ya wageni. Nilikuwa naangalia sufuria kwa jicho moja na simu kwa jingine. Ukipita kuchukua maboksi yako unachungulia dirishani: "Mdogo wangu, umelala na kategori ngapi?" Nakurushia ganda la yai.

Ni wewe uliyenifundisha kuachia. Mimi nilikuwa nahangaika nijaze kila mahali, mwenye pointi kidogo, mwenye asisti kidogo, na kila wiki napigwa. Ukanikalisha kwenye ndoo jikoni kwangu. "Ukitaka zote tisa utakosa zote. Chagua za kupoteza. Mimi frii-throo nimeachia, nachukua majitu yasiyojua kutupa, lakini ribaundi ni zangu na bloku ni zangu. Achia kwa makusudi, usisikitike. Tano zinatosha." Nikajaribu, nikashinda. Nikakuona una akili kuliko watu wote wa wilaya hii.

Krismasi ile ukamwelezea Baba, ukipanga maharage mezani mafungu tisa na kuyasukuma manne pembeni. Baba akatafuna kwanza, akameza. "Mimi na matuta yangu je? Niseme upande wa kwa Tluway nimeachia, sichimbi matuta? Maji yataingilia hapo hapo yaniondolee shamba zima." Ukacheka, ukamwambia, "Baba, huu ni mchezo tu." Na yeye akacheka, akaokota yale maharage ya pembeni akamrudishia Mama kwenye ungo.

Ungeuacha ubaki mchezo, kaka, leo ningekuwa nakuandikia salamu.

Ukahamia Arusha. Ungekuwa Marekani ningekuelewa, lakini Arusha! Watu wanaenda asubuhi kununua spea na jioni wako nyumbani. Mke wa Mzee Tluway alipofariki, mama aliyekupa maziwa kila tulipoharibu maharage yake, ulituma "poleni sana, niko kazini" na vile vikono viwili vilivyofungana. Kijiji kikichimba mtaro, hupo. Kipaimara cha mwanangu, hupo. Nilipokupigia kukulaumu ulinijibu bila hata aibu: "Mambo ya kijiji nimeyaachia, mdogo wangu. Kazi, nyumba, watoto wasome. Siwezi kushinda kote." Nikafikiri unatania.

Halafu ikaja Desemba ya mwaka jana, na mvua zake.

Mama alinipigia kwamba Baba hapumui vizuri. Nikapanda kwa pikipiki, nusu ya njia tunaisukuma. Nikamkuta amekaa kitandani, mikono magotini, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Gari la kukodi liligoma kule chini kwenye matope, dereva akasema hajiui. Nikakupigia. Nilijua uko Karatu, kaka. Ulikuwa umeniagiza mwenyewe maboksi ya asubuhi ya kesho yake, mboga tupu kwa mama mmoja asiyekula nyama. Nilijua wageni wako wamepumzika hotelini jioni ile, na gari lako limesimama. Lile lile ulilolipitisha kwenye matope ya Malambo na Piyaya mpaka wenzako wakakuita Trekta.

"Kaka, Baba hawezi kupumua. Njoo na gari."

Ukajibu, "Wageni wangu wanashuka kreta kuona wanyama alfajiri. Nikikwama huko juu, kazi imekwisha. Tafuta watu wambebe."

"Ni Baba, kaka."

"Najua ni Baba. Siwezi kushinda kote. Tafuta watu."

Wazungu wenyewe ungewaeleza wangekusukuma uende, nawajua, nawafungia chakula kila siku. Hukuwaeleza.

Nikatafuta watu. Unajua desturi yetu ya kubebana: anayekwenda kwa wenzake, wenzake wanakuja kwake. Nilitoka mlangoni nikiwa na aibu, maana wanaume wa nyumba yetu wameisha, aliyebaki ni mmoja na ameachia. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Tluway na koti la mvua, na miti miwili ya machela begani. Katika umri ule! Akashika mbele. Nikamwambia, "Baba, asante, najua kwenye msiba wako kaka hakuja..." Akanikatiza. "Sikuja kwa ajili ya kaka yako. Shika blanketi hilo."

Wakateremka naye kwenye utelezi, wanapokezana, mimi nimemshika Baba mkono. Njiani aliniuliza kitu kimoja tu: "Trekta anakuja?" Nikasema anakuja. Tulipofika kwenye lami alikuwa ametulia, nami nikafikiri amelala.

Sisemi gari lako lingemwokoa. Daktari hakusema, na mimi si daktari. Ninachosema ni kwamba Baba aliondoka akisikiliza kama kuna mlio wa injini.

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akafa.

Mazishini ulikuja, nikupe haki yako. Ulikuja umechelewa, na miwani nyeusi, na gari limejaa mchele na katoni za maji. Wakati tunatupia udongo simu ikatetemeka kwenye kitenge changu. Nikadhani ni pole za mtu. Ilikuwa ile app ya ligi inaniarifu kwamba mpinzani wangu wa wiki amemtema mchezaji mmoja, amemchukua mwingine. Mpinzani wangu wa wiki ulikuwa wewe. Nikainua macho nikakuona ng'ambo ya kaburi, kichwa umekiinamisha, kila mtu anadhani unalia. Kidole gumba kilikuwa kinatembea juu ya simu.

Ulinishinda wiki ile, tano kwa nne. Hongera.

Sikumwambia Mama. Nilijua atauliza simu inahusiana nini na mazishi, na mimi ningejibu nini? Lakini Mama si mjinga. Kujengea kaburi alikataa katakata bila wewe. "Jiwe la kwanza la baba huwekwa na mtoto wake wa kwanza wa kiume. Tutamngoja." Tukakungoja. Baada ya Pasaka, wakati madereva wote mko nyumbani mnapiga soga, ukasema gari liko gereji. Tukavuna mahindi, katekista akapanga siku, Mama akakoroga togwa, ukatuma ujumbe asubuhi ile ile kwamba umepata safari ya ghafla. Togwa wakanywa majirani. Mama alikaa nao, akawa anacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Na kaburi bado ni udongo, kaka. Unajua pale lilipo, chini kidogo ya mkaratusi, kwenye mteremko wetu wa kucheza. Mvua za masika zilikula upande mzima. Mama alikwenda na jembe, peke yake, na magoti yale, akachimba tuta la kuzuia maji juu ya mumewe. Nilimkuta amelowa mpaka kwenye kilemba. Nililia kwa hasira, na hasira ilikuwa yako yote.

Sasa mawingu yanajikusanya tena. Juzi nilipanda nikamkuta Mama na Mzee Tluway wamekaa barazani, mchanga na mawe vimeshafika. Mama akaniambia, "Jumamosi tunajengea. Jiwe la kwanza utaweka wewe."

Nikamwambia, "Mama, mimi ni wa kike na ni wa mwisho."

"Uliyemshika mkono ni wewe."

"Nimpigie kaka?"

Akavuta ungo, akachambua mchele. Nilisubiri atukane, nikaomba atukane, maana Mama akitukana bado anakupenda. Hakutukana.

"Mwambie siku, si vizuri asijue. Akija, apewe kiti na chai. Kama wageni wengine."

Kama wageni wengine. Alisema hivyo kwa upole kabisa, kaka, na Mzee Tluway akatazama pembeni.

Basi nimekwambia. Ni Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi. Ligi nimejitoa, wenzako wasinitafute, alfajiri naangalia mayai yangu tu. Ukija njia imekauka, hata gari dogo linapanda, hutachafua kitu. Kiti chako kitakuwepo pamoja na vya wageni wa mbali, chini ya turubai. Na kwa kuwa najua utakuwa na haraka, nitakufungia boksi la njiani: yai, ndizi, kipande cha kuku na juisi. Nimeshawafungia wageni wengi. Najua wanachopenda.

Mimi mdogo wako wa mwisho,
niliyeufuata mpira.