Ulisema Daktari Amekukataza Jembe

Baba,

Leo sikuamkii. Nimekasirika, na kwa vile umelala chini ya udongo wa Kachibora huwezi kuniambia nipunguze sauti.

Jumamosi daktari wa dispensari alikuja kutupa pole, kwani siku ya mazishi alikuwa Kitale. Mama akampa chai. Alipomaliza kikombe akasema, bila ubaya wowote, "Mzee wenu alikuwa kichwa ngumu. Nilimwambia asiache jembe, akakataa kusikia." Mama alinitazama. Mimi nikatazama kiti chako.

Asiache jembe! Na sisi ulituambia nini? Ulinipigia Bungoma kwa simu ya jirani: "Nanjala, nimepatikana na sukari na presha. Daktari amesema nipumzike kabisa. Ati hata ndoo nisiguse." Nikafunga kibanda changu cha kushona, cherehani nikamwachia mwenzangu, nikaja kulima mahali pako. Majirani wakasema umezaa kweli kweli. Nawe ulipenda, usikatae. Kiti barazani, binti shambani, chai inakuja yenyewe.

Wewe, uliyekuwa ukirusha gunia la mahindi kwenye trela huku unapiga mluzi!

Daktari alinieleza polepole. Misuli ndiyo inayotumia sukari nyingi mwilini. Ukiilaza inanywea, sukari inabaki katika damu, na moyo unaumia. Hakutaka ubebe magunia kama kijana. Alitaka ulime kidogo kidogo, uchote maji kwa ndoo ndogo, na uwe unainuka kitini mara kwa mara bila kushikwa. Bila kushikwa, Baba.

Na kila jioni ulininyooshea mkono. "Nanjala, ebu niinue." Nilikuja hata kama nina unga vidoleni. Mwanzoni ulinifinya mpaka nikacheka. Mwishowe mkono wako ulilegea kama soksi, nikawa nakuinua kwa mikono yangu yote miwili. Nilidhani hayo ni mapenzi. Labda yalikuwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe maradhi hukuficha. Ulificha dawa, ukaniacha nikuue kwa heshima.

Sasa Mama ndiye anayekaa kwenye kiti chako. Naye ana presha, unajua. Jana alininyooshea mkono vile vile. Nikaweka mikono yangu nyuma. Nikamwambia, "Inuka mwenyewe, Mama." Akaniita mtoto asiye na adabu. Akalia. Mimi pia nililia, lakini mikono sikuitoa. Akashika magoti, akajisukuma, akarudi chini, akajisukuma tena. Akasimama. Leo asubuhi ameenda kisimani na ndoo yake ndogo, na bado hajanisemesha. Acha aninunie. Nataka aninunie miaka mingi.

Kaburi lako nitalipalilia, hilo nakuahidi, na Mama sitamwinua hata akinilaani. Msamaha sina leo. Labda baada ya mavuno.

Kwaheri, Baba. Mhubiri alisema siku moja parapanda italia na wafu watafufuka. Nitakuja nisimame karibu na kaburi lako. Lakini usininyooshee mkono. Inuka mwenyewe, nikuone.

Nanjala