Kiraka Sitoi, Jina Sitoi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila nakuambia mapema kwamba sikuja kuhurumiwa wala kupozwa, maana katika jambo hili najua niko sawa, na walioniambia nimekosea nimeshawajibu wote, amebaki mmoja tu ambaye sina jibu lake, na huyo hajui hata kwamba ana swali la kuniuliza.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na mmoja, nina kibanda changu chenye vyerehani vitatu na meza ya pasi, na kati ya meza ya pasi na rafu ya vitambaa kuna kompyuta, na hiyo kompyuta ndiyo iliyonifikisha hapa. Miaka sita iliyopita niliwekewa mfumo wa bure, ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuiendesha, unaotengenezwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya mashine kuukuu ambazo kampuni kubwa zimeshazisusa, nikaupenda, nikaona kasoro nikawaandikia, wakanijibu, "Mama, kama umeiona basi itengeneze," wakidhani nitakimbia, nami nikakaa nikajifunza mpaka nikaitengeneza. Leo tuko saba, na kazi yangu mimi ni kivinjari, yaani programu unayofungulia mtandao. Kuna kampuni inayokiunda na kuweka msimbo wake hadharani, msimbo ndiyo yale maandishi ambayo programu imeandikwa kwayo, na yeyote anaruhusiwa kuyasoma na kuyabadilisha, basi mimi nayachukua, nayasoma, narekebisha yasiyopatana na mashine zetu, kisha naiachia kompyuta iyajenge, yaani iyageuze kuwa programu inayofanya kazi, kwa muda wa saa tisa, na katika saa hizo hakuna ruhusa ya kuwasha pasi kwa sababu umeme wa kibanda haubebi vyote viwili, wateja wanalijua hilo, siku ya kujenga nguo zinatoka na makunyanzi na hakuna anayethubutu kuuliza. Kikiwa tayari nakifunga kuwa kifurushi, natia sahihi yangu, na watu wanakipokea kwenye kompyuta zao bila kujua kwamba nyuma yake kuna mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni. Mume wangu anakiita hicho kivinjari mume mwenzake.

Sasa tatizo. Mwezi uliopita kampuni ilitoa toleo jipya, nikalisoma nikakuta wameingiza kitu, kila ukurasa unaoufungua kivinjari kinawapelekea wao taarifa, na hukuulizwa. Kukizima unaweza, ukijua kilipofichwa, na kimefichwa haswa. Nikakikata. Kiraka changu, yaani maandishi niliyoyabandika juu ya ya kwao kukikata kitu hicho, kina mistari kumi na minne na ni safi kuliko mshono wowote niliowahi kupiga. Kampuni ikatuandikia barua ya adabu sana, kwamba ama tuwape watu kivinjari kama kilivyo, ama tukikibadilisha tuondoe jina lao na nembo yao. Wenzangu watano wakasema kibaki kama kilivyo, watu wamezoea jina. Mzee wa Funguo, ndivyo tunavyomwita kiongozi wetu kwa sababu hakuna kifurushi kinachowafikia watu bila yeye kukifungulia mlango, akaniambia, "Fundi, chagua kimoja, kiraka au jina." Nikamwambia sichagui. Kiraka sitoi kwa sababu hakuna mtu atakayepelelezwa kwa sahihi yangu, na jina sitoi kwa sababu miaka sita nimelibeba mimi jina hilo kwenye mashine ambazo wao waliziona takataka. Akasema, "Jina si lako." Nikamwambia basi waje walichukue kibandani, nipo kila siku isipokuwa Jumapili.

Nimekaza shingo wiki nne, toleo jipya halijamfikia mtu wetu hata mmoja, na hapa mshauri ndipo panaponiuma. Lile toleo jipya halikuja na upelelezi peke yake, lilikuja pia na tiba ya tundu kubwa, maana katika toleo la zamani lililoko kwa watu wetu mwizi wa mtandao anaweza kupenya akasoma kila unachoandika. Na kivinjari cha zamani kinajua kwamba kimezeeka, kikaanza kuonyesha bango la manjano juu ya kioo, "Toleo hili ni la zamani na si salama, pata jipya," na watu wakaanza kuuliza hilo jipya liko wapi, na wa kwanza kuuliza alikuwa mdogo wangu wa kike.

Mdogo wangu anakaa mapokezi ya zahanati, kompyuta ya pale niliiandaa mimi kwa mikono yangu, na humo ndimo anamoandika wagonjwa, jina, umri, anakoishi na kinachomsumbua. Akanipigia, "Dada, bango lako hili linanitia aibu, kuna mama ameegemea dirisha langu akalisoma, akaniuliza kama ni salama kunitajia ugonjwa wake." Nikamwambia atulie, nalishughulikia. Nikazima pasi nikalishughulikia kweli, ila sikujenga toleo jipya. Nilichukua lile la zamani, nikaling'oa bango, nikalijenga upya, nikatia sahihi, na kwenye maelezo ya mabadiliko nikaandika "marekebisho madogo ya mwonekano," na Mzee wa Funguo akalipitisha, kwa sababu mambo ya mwonekano huwa hayasomi. Kesho yake mdogo wangu akanipigia tena, "Ahsante dada, kompyuta imepona."

Hiyo ni wiki mbili sasa na neno lile haliniachi. Nilichotaka ni nafasi tu ya kumaliza ugomvi wangu bila watu kunipigia kelele, lakini ugomvi haujaisha, na nikimwambia mdogo wangu, yeye atamwambia mkuu wa zahanati, mkuu ataitupa mashine pamoja na mfumo wetu, na wale watano watakunja mikono waseme tulikuambia. Sitaki kusikia habari ya kupiga magoti, magoti yangu ni ya cherehani. Naomba uniambie namna ya kuishinda hii kampuni bila mdogo wangu kujua.

Ni mimi, Fundi wa Kibandani.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, umesema hutaki kuhurumiwa, vizuri, umenipunguzia kazi.

Nianze na ulipo sawa, maana ni pakubwa. Kiraka kibaki. Mtu akifungua mtandao kutafuta dawa ya bawasiri au wakili wa talaka, hiyo ni siri yake, na kampuni inayotaka kujua ije imuulize machoni. Wale watano wanaosema watu wamezoea jina wanataka tu kulala vizuri, wala usipoteze nao muda. Hapo usirudi nyuma hata hatua moja, na ukinisikia siku nyingine nikikuambia urudi, ujue nimeanza kuzeeka vibaya.

Sasa jina. Hapo dada yangu umevimba kichwa tu. Mteja akikuletea gauni la dukani, ukalibana kiuno na kulibadilisha mikono, kisha mwenye duka akataka lebo yake itoke, utagombana naye wiki nne? Utaitoa kwa wembe na kurudi kwenye kazi yako. Jina ni lao, wakuandikie kwa adabu au kwa matusi. Ungekipa kivinjari jina jingine siku ile ile, watu wangeshapata kiraka na tiba kwa pamoja, na kampuni ingebaki na jina lake mkononi. Ulikuwa na ushindi mezani ukauacha upoe kwa sababu ulitaka na lebo.

Lakini si lebo iliyokushikisha kalamu. Umenieleza habari ya kampuni kwa kirefu na kwa sauti, halafu ulipofika kwenye bango sauti ikashuka. Nimeisikia. Kampuni iliwaficha watu kwamba inawatazama, ukawaka, na mimi nimewaka pamoja nawe. Kisha wewe ukawaficha watu haohao kwamba mlango wao uko wazi, ukaliita jambo hilo marekebisho madogo ya mwonekano. Nimetafuta tofauti nimeipata moja tu, nayo haikusaidii, kwamba wao hawamjui yule mama aliyeegemea dirisha la zahanati. Wewe ulisimuliwa habari zake. Aliuliza swali la maana kuliko sisi sote, na jibu ulilompa ni kumzimia onyo.

Unaniomba namna ya kushinda bila mdogo wako kujua. Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Leo, kabla hujamkatia mtu kitambaa, mpigie simu. Usimwandikie ujumbe, asikie sauti yako. Mwambie hivi, "Kompyuta haikupona, onyo nililizima mimi." Aandike wagonjwa kwenye daftari mpaka kivinjari kipya kifike, na amweleze mkuu wake yeye mwenyewe kabla hajaelezwa na mwingine. Atakukasirikia. Mwache akasirike mpaka amalize, na usimkatize kumweleza ubaya wa kampuni, maana hiyo si zamu ya kampuni. Ikiwa mkuu ataitupa mashine, nenda ukaibebe mwenyewe kwa mikono ileile iliyoiandaa.

Ukimaliza mwandikie Mzee wa Funguo na wale watano, ulichofanya na tarehe uliyokifanya, bila kukitia mapambo. Kisha zima pasi, hizo saa tisa zianze leo na si wiki ijayo. Tiba iwe ndani, kiraka kiwe ndani, jina la kampuni liwe nje. Kipe jina lolote linalotamkika, hata Kibanda linatosha, watu watalizoea kama walivyolizoea lile. Na kwenye maelezo ya mabadiliko andika kwamba kwa wiki mbili watu hawa walikuwa hatarini bila kuonywa, kwamba onyo liliondolewa makusudi, na aliyeliondoa ni wewe, chini yake utie sahihi. Ukiona mkono unasita hapo, basi jiulize zile sahihi za miaka sita ulikuwa unazitia kwa ajili ya nani.

Wenzako wakikutoa kwa sababu ya bango, toka na uwaombe radhi. Wakitaka kukutoa kwa sababu ya kiraka, hapo usiombe chochote, chukua msimbo na mistari yako kumi na minne ukaendelee kibandani kwako, si umenifundisha mwenyewe kwamba yeyote anaruhusiwa. Mimi nitakuwa mtu wa kwanza kukipokea, na nina sababu.

Kompyuta za ofisi yetu ni kuukuu, Fundi. Baada ya kuisoma barua yako nilimwita mtu wetu wa mitambo nikamuuliza hizi zinaendeshwa na mfumo gani, akaniambia ni wenu. Kwenye hii iliyoko mbele yangu ndimo ninamofungulia barua zote zinazoletwa kwangu, ya anayepigwa na mumewe, ya aliyeambiwa na daktari jambo ambalo nyumbani hajalisema, ya aliyezaa nje na mtoto sasa anauliza. Nami nililiona lile bango la manjano, likaniudhi siku kadhaa, halafu asubuhi moja sikuliona tena, nikamshukuru nisiyemjua. Barua yako nayo niliifungulia humo humo.

Jibu hili nimeliandika kwa kalamu. Zima pasi.