Uhuru wa Jamhuri ya Parsele

Koko wangu wa Gety,

Nakusalimu kutoka Mudzipela, nyumbani kwa mama mkubwa, ambako mvua inatufungia ndani kila alasiri. Viazi vyako nilivyokuja navyo vimelisha taifa zima. Ndiyo, Koko, watoto wa parsele hii, kiwanja chenye nyumba zetu na za majirani, wameunda jamhuri yao! Watoto wa mama mkubwa ni kabila la wenyeji, maana walizaliwa hapa. Majirani waliotoka Butembo ni kabila la pili. Nami niliomba kwa adabu kuwa raia.

"Apana!" akasema Neema, binti wa mama mkubwa, ambaye ndiye rais. "Weye umefika nyuma ya wote, na tayari unalala ku kitanda yangu. Weye ni mukoloni!"

Basi nikatawala. Niliketi kwenye kiti cha baba yao, wenyeji wakanimenyea viazi, wa Butembo wakaniimbia. Utawala ulikuwa mtamu mpaka mama mkubwa alipoingia jikoni na kukuta sufuria zote chafu.

"Nani iko anatawala hapa?"

Vidole vyote vikanielekea. Nikasimama wima kama darasani.

"Tangu sasa," nikatangaza, "ninawapa uhuru!"

Mama mkubwa alicheka hadi akashika ukuta. "Haya, serikali mupya, masufuria iko inawangoja."

Leo asubuhi Neema ameniletea habari: bunge limenipa uraia. Kila raia ana sufuria yake, na yangu ni ile ya bugali ulioungua.

Nimekubali, Koko. Mvua hii ikufikie na wewe, maharage yako yanenepe.

Mjukuu wako, raia Dorika